Kuitambua Singe ya Kale

Singe ni ubapa unaovishwa mdomoni mwa bunduki ili askari aliyeishiwa risasi, au aliyekaribiana mno na adui, abaki na kitu kama mkuki mkononi. Anayetaka kuiona ilivyokaa mahali pake aitazame Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, ambayo singe yake imeelekezwa bandarini. Kanda ya Ziwa singe za kale ni za aina chache, kwa kuwa zinahusiana zaidi na vita moja, Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliivamia Bukoba Juni 1915, wakaichukua Ukerewe Juni 1916 na Mwanza tarehe 14 Julai mwaka huohuo. Wajerumani na askari wao walirudi nyuma kuelekea Tabora, upande uleule wa kusini inakokwenda leo barabara ya Shinyanga inayokatisha Buhongwa. Mkusanyaji wa Buhongwa hana haja ya kuzijua singe za dunia nzima. Nne au tano zinamtosha, mradi azijue kwelikweli.

Ya kwanza ni singe ya Kiingereza ya muundo wa 1907, ya bunduki fupi ya Lee-Enfield. Ubapa wake umenyooka, una urefu wa sentimita 43, makali upande mmoja na mfereji pande zote mbili. Cheti chake cha kuzaliwa kimepigwa kwenye shina la ubapa, karibu na mpini: taji, herufi za mfalme, 1907, kisha mwezi na tarakimu mbili za mwaka, halafu kiwanda. Hiyo 1907 ni mwaka wa muundo, si wa kutengenezwa, na wauzaji wengi huteleza hapo hapo. Wilkinson, Sanderson na Chapman ni majina ya kawaida. RFI ni kiwanda cha Ishapore, India, na si ajabu kukutana nayo huku, maana vikosi vya India vilipigana Afrika Mashariki. Upande wa pili kuna mshale mpana wa serikali ya Uingereza na alama ya X, ishara kwamba ubapa ulipindwa ukarudi sawa.

Chapa zikishasomwa, umbo nalo lihojiwe. Singe za mwanzo zilikuwa na ndoano iliyojikunja chini ya kikingio, yaani kile kipande cha chuma kinachotenganisha ubapa na mpini. Ndoano iliachwa 1913, na nyingi zilizokwisha kutoka kiwandani zilikatwa. Mwaka 1916 kikaongezwa kitundu kwenye kichwa cha mpini, cha kutolea uchafu. Kwa hiyo singe yenye chapa ya 1917 na ndoano juu yake imeshajishitaki yenyewe. Ndoano halisi ina bei kubwa, ndiyo maana huchomelewa; mstari wa kuchomelea huonekana kikingio kikigeuzwageuzwa juani.

Za Kijerumani zina mambo mengi zaidi. Vita vilipoanza 1914, askari wengi wa Kijerumani huku walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya 1871, iliyotumia baruti ya moshi na kufichua alipo mpigaji. Singe yake ni ndefu kama upanga mfupi, na mpini wake ni wa shaba, hivyo penye unyevu wa ziwa huota kutu ya kijani. Bunduki bora zaidi ziliongezeka kwa meli kama Rubens, iliyofika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Singe maarufu ya Mauser ya 1898 ni ile ya muundo wa 98/05: ubapa wa takriban sentimita 37 unaopanuka kuelekea ncha, kama kisu cha bucha. Mwaka wa kutengenezwa husomwa mgongoni mwa ubapa, tarakimu mbili chini ya taji na herufi W. Baadhi zina meno ya msumeno mgongoni. Meno ya kweli yana safu mbili sambamba, na kila jino linafanana na jirani yake. Ya tupa ya mtaani hupishana kina.

Singe ya Kireno ya Mauser-Vergueiro ya 1904 haistahili kutupwa kando kwa sababu tu Wareno hawakufika Mwanza. Baada ya mapigano ya Ngomano, Novemba 1917, jeshi la kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck lilijiongezea silaha za Wareno, hata askari wa Kijerumani wakabeba bunduki za adui. Hilo linafundisha jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisikia: chapa inataja aliyeitengeneza na jeshi lililoipokea, haimtaji aliyeishika. Hadithi ya babu na singe yake ina uzito pale tu inapoambatana na picha, barua au cheti.

Ubora hupimwa kwa upatanifu. Ubapa, mpini na ala vikiwa vya kipindi kimoja, kutu ya kahawia iliyotulia haipunguzi kitu. Kinachoua thamani ni msasa. Muuzaji husugua mpaka ubapa unang'aa kama sufuria mpya, kumbe amefuta taji na tarehe. Vibao vya mpini vinavyokaa juu kuliko chuma vimebadilishwa; vya asili husawazika nacho hata vidole visihisi ukingo. Singe iliyokatwa ikawa kisu cha shambani ni suala jingine. Kwa mkusanyaji wa mnadani imeharibika, lakini kwa makumbusho ya mkoa huenda ikawa na maelezo mengi kuliko ile iliyolala ghalani.

Mahali pa kawaida pa kuzipata ni kwenye vyuma chakavu vinavyopimwa kwa kilo, na katika masanduku ya familia. Kuchimba maeneo ya kihistoria bila leseni kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na penye singe ardhini panaweza kuwa na risasi au kombora lisilolipuka.

Ikishapatikana, singe hufutwa kwa kitambaa na mafuta mepesi ya mashine, bila brashi ya waya. Ala ya ngozi huhifadhiwa kando, ubapa nje yake: ngozi hunyonya unyevu, na singe inayoachwa ndani msimu mzima wa masika huota kutu mpya pale pale penye chapa.