Lawino na Nywele Zangu za Dhahabu

Kwa miaka mingi nilifundisha fasihi kidato cha tano na cha sita, na kila ulipofika wakati wa Wimbo wa Lawino nilikuwa na swali langu nililolipenda kupita yote: jadili jinsi Okot p'Bitek anavyotumia nywele za Clementine kuonyesha utumwa wa mawazo. Jibu nililolitaka lilijulikana darasa zima. Nywele zilizochomwa kwa chuma cha moto ni aibu, nywele za asili ni utu. Aliyeandika hivyo alipata kumi na tano katika ishirini. Aliyeandika vingine, shauri yake.

Sasa nimekirudia kitabu hicho nikiwa na kichwa cha rangi ya dhahabu, nami sina budi kuusahihisha usahihishaji wangu.

Nianze na kichwa chenyewe. Niliugua saratani ya titi nikatibiwa kwa dripu, na wiki ya tatu baada ya dripu ya kwanza nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Zilipoota tena zilikuwa laini kama za mtoto mchanga, nusu yake mvi. Hazikuwa zangu. Watu wakawa wananipa pole kabla hawajaniamkia. Piko sikuitaka. Piko nyeusi aghalabu ina kemikali iitwayo PPD, ambayo huwaunguza ngozi watu wengine vibaya sana. Na hata kama isingekuwa nayo, weusi ungekuwa kujifanya hakuna kilichotokea. Kilitokea.

Saluni walitaka shilingi 70,000. Binti yangu akacheka: "Mama, nywele za sentimita mbili, elfu sabini za nini?" Tukanunua pakiti ya unga wa bliichi, chupa ya peroksaidi ya asilimia 6, glovu na shampuu ya zambarau, vyote kwa shilingi 19,000, na nusu ya unga ikabaki. Muuza duka alitusukumia peroksaidi ya asilimia 12 akisema inafanya kazi upesi. Ni kweli inafanya upesi, na ngozi ya kichwa inaiunguza upesi vilevile. Daktari wangu alikuwa amenitaka ningoje miezi sita baada ya dripu ya mwisho, na nijaribu kwanza mahali padogo. Tukapaka tone nyuma ya sikio, tukangoja siku mbili. Ndipo tukakaa uani. Nywele nyeusi hazirukii dhahabu moja kwa moja: zilipita wekundu wa tofali, zikapita rangi ya chungwa, hapo nikataka kulia, kisha zikaja manjano. Shampuu ya zambarau ikapunguza ule umanjano uliozidi. Jioni ile nilijitazama kwenye kioo mara nyingi kuliko mwaka mzima uliotangulia.

Wiki hiyohiyo, kituo cha daladala, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mtu mzima mwenye kitambi, akaniambia: "Shikamoo Mwalimu. Na wewe umekuwa Clementine?" Aliuliza kwa upendo, na nilimjibu kwa mzaha. Nilipofika nyumbani nikakitafuta kitabu.

Jambo lililonishangaza ni kwamba Lawino hasifu popote nywele zilizoachwa tu. Nywele anazozisifu ni nywele zilizofanyiwa kazi: zimepakwa mafuta, zimetengenezwa kwa ajili ya ngoma na kwa macho ya watu. Tena humo humo anapozungumzia nywele anataja wakati mmoja ambapo wanawake hawachani vichwa vyao na wanavua shanga, nao ni wakati wa msiba. Maana yake kwa Lawino nywele ni kauli. Zinasema leo kuna ngoma, leo kuna kifo. Neno "asili" tulilitia sisi walimu, pamoja na mwongozo wetu wa kusahihishia.

La pili, tulimfundisha Lawino kana kwamba ndiye Okot. Siye. Ni mke aliyedharauliwa na mumewe, anamsema mwanamke aliyeletwa juu yake, na dhihaka yake ina uchungu wa chumba kitupu. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966; mwaka 1970 Okot akampa Ocol wimbo wake, naye Ocol akajiaibisha zaidi kwa kinywa chake mwenyewe. Clementine hakupewa wimbo. Tunamjua kwa unga wa usoni, midomo myekundu na kichwa chake, vyote vikisimuliwa na mtu mwenye haki kamili ya kumchukia. Huo ni upungufu wa kazi hiyo, nami sikuwahi kuutaja ubaoni.

Je, nimejitetea? La hasha. Lawino angeniuliza swali moja nisilolikwepa: rangi ziko nyingi, kwa nini hiyo? Ningeweza kupaka nyekundu ya hina. Siwezi kuapa kwamba filamu na makasha ya vipodozi niliyoyatazama ujanani hayakuwa na mkono wao. Katika mji ambao mkorogo bado unaharibu nyuso za watu, dhihaka yake ina kazi ya kufanya, na ilinichoma mahali panapostahili. Ndiyo maana nasema bado ni kitabu kikubwa. Swali langu la mtihani ndilo lilikuwa dogo.

Mwaka fulani katika ile ya tisini, msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliandika kwamba labda Lawino angemhurumia Clementine kama angejua kichwa kile kimepitia nini. Nilimpa sita katika ishirini, na kwa kalamu nyekundu nikaandika: Hujaelewa swali. Leo ningempa kumi na nne. Sita zilizobaki ningezizuia, kwa kuwa hakutoa mfano hata mmoja kutoka kitabuni, na mfano ulikuwapo, kwa wale wanawake wa msibani.