Sikiliza Besi Kwanza: Namna ya Kuwapima Wapigaji wa Studio na Watunzi wa Marekani

Mtu akikuambia kwamba Hal Blaine alipiga drams kwenye nyimbo zipatazo 40 zilizoshika namba moja Marekani, na kwamba rekodi sita mfululizo zilizotwaa Grammy ya rekodi ya mwaka, kuanzia tuzo za 1966 hadi za 1971, zote alishiriki yeye, bado hajakueleza kama Blaine alikuwa mpigaji mzuri. Amekueleza tu kwamba hakukosa kazi. Los Angeles ya miaka ya 1960 ilimpa kazi nyingi aliyewahi kufika, aliyesoma noti upesi na asiyemkera prodyuza. Hizo ni sifa za kuajiriwa. Ubora ni jambo jingine, na unapimwa kwa sikio.

Mimi hutumia vipimo viwili, na vinakwenda kinyume. Mpigaji wa kukodiwa nampima kwa kumwondoa: nikilifuta gitaa lake kichwani mwangu, wimbo unapungukiwa nini? Mtunzi anayeimba tungo zake mwenyewe nampima kwa kuwaondoa wengine wote: nikimwachia piano moja au gitaa moja, wimbo unasimama? Mpigaji asiyeacha pengo alikuwa pale kwa ajili ya malipo. Mtunzi ambaye wimbo wake unalala chini mara wenzake wanapotoka, alikuwa amebebwa.

Kabla ya kuanza, spika ya simu iweke kando. Haitoi sauti nzito za chini, na nusu ya mambo nitakayoyasema yako huko chini. Tafuta visikizio vizuri au spika yenye kifua.

Anza na Bernadette ya Four Tops, 1967, iliyorekodiwa Detroit na kampuni ya Motown. Mara ya kwanza usimjali mwimbaji. Fuata besi peke yake tangu mwanzo hadi pale muziki unapokatika ghafla na mwimbaji Levi Stubbs analiita jina la Bernadette. Mpiga besi ni James Jamerson, na hatulii. Anapanda, anashuka, anachelewesha noti moja kisha anaingiza nyingine kabla ya pigo unalolitegemea. Kwa kanuni za kawaida huyu alipaswa kufukuzwa, maana mpiga besi hufundishwa kushika njia na kukaa kimya. Sasa rudia wimbo ukimsikiliza Stubbs. Besi haimgongi popote. Stubbs akivuta neno, Jamerson anatembea chini yake. Stubbs akikimbiza maneno, Jamerson anampisha. Noti ni nyingi lakini kila moja inajua mwimbaji yuko wapi. Ifute hiyo besi na unabaki na mtu anayelalamika juu ya mdundo wa kawaida.

Jamerson, aliyezaliwa Edisto Island, South Carolina, mwaka 1936, alianza na ile besi kubwa ya kusimama, akipiga jazz. Alipohamia gitaa la besi alitumia kidole kimoja tu, cha shahada, na nyuzi zake hakuzibadilisha ila zilipokatika. Nyuzi chakavu na kipande cha sponji karibu na daraja la gitaa vilimpa mlio mfupi, mnene, usiong'ang'ania hewani. Hilo ni la kuzingatia: mlio ule ndio uliomruhusu kupiga noti nyingi bila kuuchafua wimbo. Walioiga vidole vyake kwa nyuzi mpya zinazolia muda mrefu wametuletea fujo tupu. Wengi wameiga wingi wa noti zake na wakaacha usikivu wake.

Usije ukafikiri basi kwamba ubora ni kujaza. Hamia Fire and Rain ya James Taylor, 1970. Ni wimbo wa msiba, na mpiga drams Russ Kunkel alipewa kazi ngumu: kuweka ngoma juu ya maombolezo bila kuyafanya ngoma. Aliviacha vijiti akachukua brashi, zile za nyuzi nyembamba ambazo watu wa jazz huzitumia kufagia ngozi ya ngoma taratibu. Kisha akazipiga kwa nguvu, kama vijiti, juu ya ngoma zenye sauti ya chini. Unachosikia ni pigo zito lisilo na makali. Sikiliza mahali anapoyaweka mapigo hayo: Taylor anamaliza mstari, ananyamaza, ndipo ngoma zinaporomoka. Mstari unaofuata ukianza, zimeshaondoka. Kinanda humo ni cha Carole King, naye anacheza hivyohivyo, akisubiri zamu yake. Watatu wale wanasikilizana, na ukikaa nao vizuri utawasikia wakisikilizana.

Kuna kosa la kupima ustadi peke yake. Walter Becker na Donald Fagen wa Steely Dan waliwapitisha wapiga gitaa kadhaa kwenye nafasi moja ya solo katika wimbo wa Peg, 1977, kabla ya kumkubali Jay Graydon. Waliokataliwa walikuwa mafundi wa kiwango cha juu. Vidole havikuwa na tatizo; walichopiga kilikuwa kizuri lakini kingeweza kuwekwa kwenye wimbo mwingine wowote. Solo ya Graydon inateleza kutoka noti hadi noti kwa mtindo unaokumbusha gitaa la Hawaii, na inacheka pamoja na wimbo wenyewe. Ukitaka kujua kama solo ni nzuri, jaribu kuihamisha. Ikihama kwa urahisi, haikuwa ya wimbo ule. Wapo wapigaji hodari ambao ukiwasikia tu kwenye wimbo wa mtu unajua papo hapo kwamba wanatafuta kazi ya kesho.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Wichita Lineman, 1968, kwa sababu humo mtunzi na mpigaji wanakutana uso kwa uso. Jimmy Webb aliutuma wimbo huo akiuona haujakamilika. Aliona unahitaji ubeti mmoja zaidi. Aliyeuimba ni Glen Campbell, ambaye kabla ya kuwa nyota alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa katika studio za Los Angeles, kundi lilelile la Blaine na mpiga besi Carol Kaye, na aliwahi hata kujaza nafasi ya Brian Wilson katika ziara za Beach Boys. Campbell hakungoja ubeti. Pale ulipokosekana alichukua gitaa la besi lenye nyuzi sita akapiga solo fupi ya noti za chini, zinazofuata njia ya sauti bila pambo lolote. Mwimbaji mwingine angeomba maneno. Campbell alikuwa ametumia miaka akijaza mapengo ya watu wengine, akatambua kwamba mfanyakazi wa nyaya anayeimbwa humo hana la kuongeza. Usikose pia mwanzo wa rekodi, ile besi ya Kaye inayoshuka ngazi kabla hata sauti haijaingia. Webb alitunga vizuri sana. Waliobaki walijua kipi wasikiguse.

Nashville ni shule nyingine. Huko sifa kubwa ni wepesi wa kuelewa. Wapigaji wa mji ule walizoea kuandika namba badala ya herufi: katika wimbo wa ufunguo wa C, C, F na G zinakuwa 1, 4 na 5. Mwimbaji akisema wimbo uko juu mno kwa koo lake, hakuna karatasi inayobadilishwa. Namba ni zilezile, kila mtu anaanzia mahali papya. Mbinu hiyo ilianza na Neal Matthews Jr. wa kundi la Jordanaires mwishoni mwa miaka ya 1950, na Charlie McCoy akaisambaza. Matokeo yake ni muziki nadhifu. Wakati mwingine nadhifu kupita kiasi, kwa maoni yangu. Zimo rekodi nyingi za Nashville ambazo huwezi kuzilaumu kwa lolote wala kuzikumbuka.

Ila mwaka 1966 Bob Dylan aliwaendea hao hao kurekodi Blonde on Blonde, akawaharibia mahesabu. Usiku mmoja, alfajiri ikikaribia, waliingia katika Sad Eyed Lady of the Lowlands bila kujua urefu wake. Mpiga drams Kenny Buttrey na wenzake walidhani ni wimbo wa dakika mbili tatu kama nyingine zote. Waliupandisha kuelekea kilele, Dylan akaanza ubeti mwingine. Wakashusha, wakapandisha tena. Ulikwisha baada ya dakika zaidi ya 11. Usikilize ukijua hivyo. Utasikia drams zikipanda kuelekea mwisho ambao haufiki, kisha zikirudi chini kwa upole kuanza upya. Hakuna aliyepotea, wala aliyeharakisha. Mimi naiweka rekodi hiyo juu ya mamia ya rekodi zao safi.

Sasa kipimo cha pili, cha mtunzi. Carole King alikuwa na miaka 18 wimbo wake Will You Love Me Tomorrow, aliotunga na Gerry Goffin, ulipotolewa na Shirelles mwaka 1960. Kwa miaka kumi alikuwa mtunzi wa watu wengine, na mwaka 1967 Aretha Franklin alipewa A Natural Woman: nyuzi nzima za okestra, dada zake Aretha wakiitikia nyuma, na sauti ambayo hakuna mtu mwenye akili angetaka kushindana nayo. Mwaka 1971 King aliurekodi wimbo huohuo katika albamu yake ya Tapestry. Hakushindana. Alikaa kwenye piano, Charles Larkey akawa kwenye besi ya kusimama, basi. Sauti ya King si kubwa, na pale juu inakwaruza kidogo. Wimbo haukutikisika. Uimara wake uko katika namna sauti zinavyopangwa na kupanda kuelekea kiitikio. Okestra ilikuwa imeongeza nguvu tu juu ya nguzo iliyokwishasimama. Weka rekodi hizo mbili moja baada ya nyingine na utajifunza zaidi kuliko kwenye mwongozo wowote, huu ukiwemo.

Bill Withers anapimika vilevile kwa njia yake. Aliingia studio kwa albamu yake ya kwanza, iliyotoka 1971, akiwa bado kibarua wa kiwanda cha kutengeneza vyoo vya ndege, na picha ya kava inamwonyesha kazini na kikasha chake cha chakula. Booker T. Jones ndiye prodyuza. Donald Dunn kwenye besi na Al Jackson Jr. kwenye drams walitoka Memphis, watu wa kampuni ya Stax. Katika Ain't No Sunshine kuna mahali Withers anarudia maneno mawili mara 26. Alikusudia kuandika maneno mengine hapo baadaye. Wapigaji wakamwambia aache kama palivyo. Ushauri huo hauna malipo katika mkataba wowote, lakini ni sehemu ya kazi ya mpigaji mzuri. Na ukitaka kumwona Withers akipita kipimo cha kuvuliwa kila kitu, tafuta filamu ya Soul Power, juu ya tamasha la Kinshasa la Septemba 1974. Katikati ya vishindo vya James Brown na wenzake, Withers na gitaa lake mwenyewe anaimba wimbo wa taratibu, na umati ule unamsikiliza.

Tahadhari moja juu ya kava: sura zilizo mbele ya albamu si ushahidi wa nani alipiga. Katika wimbo wa Mr. Tambourine Man wa The Byrds, 1965, ni Roger McGuinn peke yake kati ya wanabendi aliyepiga ala; zilizobaki zilipigwa na wa kukodiwa. Motown nayo haikuchapisha majina ya wapigaji wake hadi What's Going On ya Marvin Gaye, 1971.

Pesa nazo zinabadilisha namna ya kupima. Redio ya kawaida ya Marekani ikipiga rekodi, analipwa mtunzi na mchapishaji wake. Mpigaji halipwi kitu. Yeye alishalipwa kwa kipindi chake cha saa tatu, kwa kiwango cha chama cha wanamuziki, akaenda studio inayofuata. Wimbo mmoja unaweza kumlisha mtunzi miaka 40. Kwa hiyo mtunzi ni haki kumpima kwa wimbo wake bora, hata kama mingine kumi ni hafifu. Mpigaji mpime kwa siku yake ya kawaida, kwa wimbo ambao hakuna aliyeutarajia kufika popote. Hapo ndipo watu wa Muscle Shoals, Alabama, wanapong'ara: Roger Hawkins, David Hood, Jimmy Johnson na Barry Beckett. Paul Simon alivutiwa na I'll Take You There ya Staple Singers akawatafuta wapigaji wale akidhani ni weusi. Alipofika Alabama alikuta vijana wa Kizungu. Alikodi siku kadhaa kwa ajili ya wimbo mmoja. Ulikamilika upesi mno, muda uliobaki wakarekodi nyingine, na mojawapo ni Kodachrome, iliyotoka 1973. Nyimbo za pembeni katika albamu walizopiga hao wanne hazina uzembe unaosikika.

Ukinilazimisha kutaja mmoja mmoja, kwa wapigaji namtaja Jamerson, aliyefariki 1983 na kuingizwa katika jumba la heshima la rock and roll mwaka 2000, pamoja na Blaine. Kwa watunzi namtaja King. Usikubali kwa sababu nimesema mimi: anza na zile Natural Woman mbili, halafu Bernadette, na besi uiongeze.