Jinsi Haskell Inavyoishika Nukta ya Wakati

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, saa nane na dakika 59 kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, dakika moja ilikuwa na sekunde 61. Kule Greenwich ilikuwa dakika ya mwisho ya mwaka 2016. Dunia huzunguka polepole kidogo kuliko saa za atomiki zinavyohesabu, kwa hiyo sekunde moja iliongezwa ili saa zisiutangulie mno mzunguko huo. Programu nyingi hazina mahali pa kuiandika sekunde kama hiyo. Maktaba iitwayo time, ambayo Ashley Yakeley aliiandikia lugha ya programu ya Haskell, inapo. Katika kazi zote za kuwakilisha wakati ndani ya kompyuta, naiona hii kuwa ya kupigiwa mfano, hata pale nisipokubaliana nayo.

Aina yake kuu ya data ni UTCTime, nayo ina sehemu mbili tu: Day, yaani siku, na DiffTime, yaani muda uliopita tangu siku hiyo ianze saa sita usiku. Haina mwezi, mwaka wala majira ya saa. Hivyo vyote huundwa pale tu mtu anapotaka kusoma au kuandika tarehe.

Siku yenyewe ni namba nzima moja. Wanafalaki wana hesabu ya siku za Julian inayoanzia mwaka 4713 kabla ya Kristo, na siku zake huanza saa sita mchana, jambo linalowafaa watu wanaotazama nyota usiku kucha bila tarehe kubadilika katikati ya kazi. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa kituo cha falaki cha Smithsonian, walipokuwa wakiifuatilia njia ya Sputnik, waliifupisha hesabu hiyo kwa kuondoa siku 2,400,000 na nusu. Ile nusu ndiyo iliyousogeza mwanzo wa siku hadi usiku wa manane. Siku sifuri ikawa tarehe 17 Novemba 1858, na maktaba ya time imeichukua hesabu hiyo kama ilivyo. Tarehe 1 Januari 1970, ambako mifumo ya Unix huanzia, ni siku ya 40587. Kupata idadi ya siku kati ya tarehe mbili ni kutoa namba moja kwenye nyingine, bila kuuliza Februari ilikuwa na siku ngapi.

Sehemu ya pili inahitaji uangalifu zaidi. DiffTime huhifadhiwa kama namba nzima ya pikosekunde, yaani sekunde moja imegawanywa mara trilioni moja. Kiwango hicho kilikuwamo tayari katika toleo la lugha liitwalo Haskell 98, ambalo tarehe zake zilikuwa na sehemu ya pikosekunde. Saa ya kompyuta ya kawaida haina uwezo wa kupima kitu kidogo namna hiyo, na mtu anaweza kukiona kiwango hicho kuwa ni ubadhirifu. Lakini tazama njia nyingine zilizokuwapo. Ukihifadhi sekunde tangu 1970 kwa namba ya nukta inayoelea yenye biti 64, leo hatua yake ndogo kabisa ni nanosekunde 238 hivi, na hatua hiyo hukua maradufu kila namba inapovuka kipeo kipya cha mbili. Ukihifadhi nanosekunde katika namba nzima ya biti 64, unapata usahihi, ila kalenda yako inaanza mwaka 1677 na kuisha 2262. Kwa kumbukumbu za seva inatosha. Kwa mwanahistoria anayeandika mambo ya Kilwa ya karne ya 14 haitoshi kabisa. Namba nzima za Haskell zisizo na kikomo hazina mipaka hiyo, na gharama yake ni kumbukumbu zaidi na hesabu za polepole zaidi.

Sasa ile sekunde ya 61. Siku ya kawaida ina sekunde 86,400, lakini nyaraka za maktaba zinasema wazi kwamba DiffTime iliyo ndani ya UTCTime inaweza kufika mpaka karibu na 86,401. Nafasi hiyo ya ziada ni ya sekunde ya nyongeza. Hapo ndipo Yakeley alipotenganisha aina mbili za muda. DiffTime ni muda halisi, sekunde zinazopita kweli. NominalDiffTime ni muda wa kuhesabiwa, ambao ndani yake kila siku ina sekunde 86,400, iwe imeongezwa sekunde au la. Zote mbili hukaa kwenye kompyuta kwa umbo lile lile, pikosekunde katika namba nzima. Ni kama shilingi ya Kenya na ya Tanzania: jina ni moja, lakini huzijumlishi bila kuzibadilisha kwanza. Ukijaribu kuzichanganya aina hizo mbili, kompaila hukataa kabla programu haijaanza kufanya kazi.

Ukiuliza kwa diffUTCTime, funksheni inayotoa nukta moja ya wakati kwenye nyingine, ni muda gani ulipita kati ya sekunde ya 59 ya ile dakika na mwanzo wa mwaka 2017, utajibiwa sekunde 1, ilhali kweli zilipita 2. Jibu hilo ni NominalDiffTime, na aina yake inakuonya. Tena ukibadilisha nukta iliyo katikati ya sekunde ya nyongeza kuwa sekunde za Unix, maktaba huikata hadi mwanzo wa siku inayofuata, kwa sababu Unix haina namba ya kuipa.

Anayetaka zile sekunde 2 hutumia AbsoluteTime, wakati wa atomiki usiokatizwa. Na hapa pana uamuzi ninaoupenda kuliko wote: orodha ya sekunde za nyongeza haimo ndani ya maktaba. Unaileta mwenyewe kama funksheni, inayopokea siku na kurudisha tofauti ya sekunde au kukiri kwamba haijui. Kukiri huko ni kwa lazima. Taasisi ya IERS, inayotangaza sekunde hizi kutoka Paris, hutoa taarifa miezi michache tu kabla, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kujua orodha ya mwaka ujao. Tangu 1972 zimeongezwa 27, na tofauti kati ya saa za kawaida na wakati wa atomiki, pamoja na ile iliyokuwapo kabla ya hapo, sasa ni sekunde 37. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo uliazimia kulegeza utaratibu huu ifikapo 2035. Zikikoma, maktaba haitaguswa hata mstari mmoja.

Mahali ninapotofautiana nayo ni kwenye hesabu. Aina zote mbili za muda zimeruhusiwa matendo ya kawaida ya namba, kwa hiyo unaweza kuzidisha sekunde 2 kwa sekunde 3 ukapata sekunde 6, kitu kisicho na maana yoyote duniani. Pia namba tupu 5000 hugeuka kimyakimya kuwa sekunde 5000, wakati threadDelay, funksheni ya kusubiri katika lugha hiyo hiyo, huhesabu mikrosekunde. Ulinzi uliojengwa kwa uangalifu kati ya aina unafunguliwa mlango na namba iliyoandikwa kwa haraka. Maktaba nyingine ya Haskell, iitwayo thyme, ilichukua njia ninayoiona sahihi zaidi: muda hujumlishwa na muda, huzidishwa kwa namba tupu, na nukta mbili za wakati zikitolewa huzaa muda. Kwa upande wa uhifadhi ikachagua mikrosekunde ndani ya biti 64, ikaachana na pikosekunde ili ipate kasi.