Mshale Unaodanganya: Ufundi wa Kutafuta Hitilafu ya Geji ya Mafuta

Geji ya mafuta huanzia ndani ya tanki, kwenye boya dogo lililofungwa mwishoni mwa mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda, boya hupanda nayo, yakishuka, hushuka. Upande wa pili wa mkono huo, ncha ndogo za chuma huteleza juu ya bamba la kauri lenye mistari ya ukinzani, na pale zinaposimama ndipo panapoamua umeme upite kwa wepesi au kwa taabu. Waya mmoja hupeleka habari hiyo kwenye dashibodi. Mwingine huurudisha umeme kwenye bodi ya gari kupitia ethi. Mnyororo huu ukiharibika popote, dereva huona jambo lilelile: mshale unaodanganya. Sifa ya fundi umeme mzuri ni kuitambua pingili yenye kosa kwa vipimo, kabla hajatamka kwamba sensa ibadilishwe.

Kabla ya kupima chochote, fundi hana budi kujua gari lililo mbele yake linatarajia nini. Katika Toyota nyingi za zamani, tanki lililojaa hutoa ukinzani wa takriban ohmu 3, na tanki tupu takriban 110. Katika Corolla za miaka ya baadaye, kujaa ni karibu ohmu 15 na kuisha ni karibu 410. Magari ya zamani ya General Motors huenda kinyume: 0 ni tupu, 90 ni kujaa. Kwa hiyo waya uliokatika, ambao hauruhusu umeme kupita kabisa, huishusha geji ya Toyota ya zamani hadi chini, lakini huirusha ya General Motors juu kupita alama ya kujaa. Asiyejua gari linakwenda upande gani atasoma dalili kichwa chini miguu juu.

Baada ya hapo huja mahojiano, na dereva ndiye shahidi wa kwanza. Katika magari ya mtindo wa Toyota, mshale uliolala moja kwa moja huashiria waya uliokatika, fyuzi iliyoungua au boya lililotoboka na kuzama. Mshale unaosoma vizuri tanki likiwa limejaa, kisha ukaanguka ghafla karibu na robo, huelekeza kwenye bamba lililochakaa sehemu moja. Magari yanayowekewa mafuta kidogokidogo huumia zaidi hapo, maana ncha husugua kipande kilekile cha chini siku nzima. Geji ya joto la injini nayo ikikosea, lawama huhama kutoka kwenye tanki kwenda kwenye umeme unaolisha dashibodi yote. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne huweza kuwa na tanki lenye vyumba viwili na sensa mbili, na kosa la moja hutoa usomaji wa nusu ukweli. Fundi hukumbuka pia kwamba mshale hutengenezwa uwe mzito makusudi, usicheze kila mafuta yanapotikisika kwenye mashimo. Ukichelewa kupanda baada ya kujaza, si lazima uwe mgonjwa.

Kipimo kinachookoa muda mwingi kuliko vyote hufanyika kwenye soketi ya tanki, ambayo katika magari mengi madogo hupatikana chini ya kiti cha nyuma. Soketi huchomolewa, kisha mahali pa sensa huwekwa rezista yenye thamani inayojulikana. Kwa Toyota ya zamani, rezista ya ohmu 110 inapaswa kuushusha mshale, na ya ohmu 3 kuupandisha. Mshale ukitii, dashibodi na waya wote wa kwenda mbele ni wazima, na kosa limebaki kwenye tanki au ethi yake. Usipotii, tanki halina haja ya kuguswa. Kitendo kimoja cha dakika chache kimeigawa saketi katikati na kuiondolea shaka nusu yake. Kutumia rezista badala ya kuunganisha waya moja kwa moja kwenye ethi huilinda pia kompyuta ya gari la kisasa.

Sensa ikishukiwa, hutolewa kwa tahadhari. Waya hasi wa betri hufunguliwa kwanza, na kazi hufanyika penye hewa, mbali na moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na hata kiasi cha asilimia 1.4 hivi hewani kinatosha kuwaka. Sensa ikishatoka, multimita huunganishwa nayo na boya hunyanyuliwa kwa mkono, polepole, kutoka chini hadi juu. Namba zinatakiwa kupanda au kushuka kwa mfululizo. Zikiruka ghafla kisha zikarudi, hapo ndipo penye jeraha, na mara nyingi jicho huthibitisha: mstari mweusi uliolika kwenye bamba, au ncha zilizofifia rangi. Weusi huo waweza kutokana na salfa, ambayo hushambulia fedha iliyomo kwenye viunganishi. Mwaka 2004, kusini mwa Marekani, petroli yenye salfa ya namna hiyo iliharibu sensa za magari mengi, na geji zikasema uongo katika magari yasiyo na kosa lolote la utengenezaji.

Ethi ndiyo hupima ustadi hasa, kwa kuwa hujificha. Katika baadhi ya magari, sensa na pampu ya mafuta hutumia ethi moja. Boliti yake ikishika kutu kidogo, ukinzani unaweza kuwa ohmu 0.2 tu, kiasi ambacho multimita ya kawaida hupita juu yake bila kukiona. Lakini pampu ikivuta ampea 5, ohmu hizo 0.2 huzaa volti 1 nzima mahali palipopaswa kuwa na sifuri, na katika saketi ya sensa inayotumia volti 5 hilo ni kosa kubwa. Ndiyo maana fundi mwangalifu hupima ethi pampu ikiwa inafanya kazi: ncha moja ya multimita kwenye waya wa ethi, nyingine kwenye hasi ya betri. Kinachozidi sehemu ndogo ya volti kinahitaji kusafishwa. Geji inayobadilika kila pampu inapowashwa imeshaitaja ethi hiyo yenyewe.

Magari ya kisasa huongeza msaidizi, mashine ya kusoma kompyuta. Kodi ya hitilafu P0460 husema tu kwamba saketi ina hitilafu. P0462 kwamba volti ni ndogo mno. P0463 kwamba ni kubwa mno. P0464 kwamba ishara inakatikakatika. Volti kubwa mno yaweza kuletwa na sensa iliyokufa, waya uliokatika au soketi iliyolegea. Kodi hutaja mtaa, haitaji nyumba. Anayenunua sensa kwa sababu ya kodi peke yake ameruka vipimo vyote vilivyotangulia.

Matengenezo yenyewe mara nyingi ni mepesi: kusafisha boliti, kubana soketi, kuunga waya uliokatika, au kubadilisha sensa. Kinachobaki ni uthibitisho. Kipimo kilichofichua kosa hurudiwa, ili jibu lake jipya lilingane na lile la gari lisilo na kosa. Kisha tanki huongezwa mafuta ya lita zinazojulikana, kidogo kidogo, na mshale hutazamwa ukipita robo, nusu na robo tatu. Ukipita zote bila kuruka, gari hukabidhiwa kwa mwenyewe.