Kazi Iliyojificha Kati ya Picha na Picha

Mwaka 1946 mchoraji Mbelgiji Hergé alirudi mezani kuichora upya safari ya mhusika wake Tintin nchini Kongo. Kitabu cha kwanza kilikuwa kimetoka mwaka 1931, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Sasa kilitakiwa kiwe cha rangi, tena kienee katika kurasa 62. Kwenye toleo la zamani Tintin anasimama darasani mbele ya watoto wa Kikongo akiwafundisha kuhusu “nchi yenu, Ubelgiji”. Kwenye toleo jipya darasa limebaki, mwalimu amebaki, ila somo limekuwa la hesabu za kujumlisha. Mtoto aliyekutana na toleo la pili peke yake hakuwa na njia ya kujua kilichokuwa kimeandikwa pale kabla yake.

Hergé hakuwa amefika Kongo. Aliitazama kupitia vitabu, picha na makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels, ambako sanamu ya mtu-chui ilimpa mmoja wa wahusika wake. Na bado watu wengi walimwamini, kwa kuwa mstari wake ulikuwa safi, usio na kigugumizi. Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya bede, yaani hadithi ya picha, na hatari yake: mkono hodari unasadikisha hata kile ambacho jicho halijakiona. Kwa hiyo nawapenda zaidi wachoraji ambao mkono na jicho vyao vimetembea pamoja.

Ukitoka hapa Bunia, mkoani Ituri, ukashika barabara ya Komanda, ukapita Mambasa na Nia-Nia, msitu baada ya msitu, unafika Kisangani. Huko ndiko alikozaliwa mmoja wao, Barly Baruti, mwaka 1959. Baadaye alijifunza katika studio ya Hergé mwenyewe. Amechora mazingira na miji, pamoja na mwandishi Frank Giroud ameunda mfululizo wa Eva K. na ule wa Mandrill, na nje ya meza ya kuchorea ni mwanamuziki pia. Lakini kazi yake ninayoirudia zaidi ni Madame Livingstone ya mwaka 2014, iliyoandikwa na Christophe Cassiau-Haurie. Rubani Mbelgiji anafika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili kuiangamiza meli kubwa ya Wajerumani. Anapewa kiongozi wa njia, chotara anayevaa sketi ya Kiskoti, ambaye watu wamempa jina la Madame Livingstone.

Meli hiyo si ya kubuni. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Kigoma, ikaunganishwa tena huko na kuelea mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito ili maji yasizile. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Watu wa Kigoma wanaijua hata leo.

Fikiria basi mzigo wa mchoraji. Mwandishi wa riwaya ataandika “meli ikatokea” na kuendelea na safari yake. Mchoraji hana ruhusa hiyo. Lazima ajue bomba la moshi limekaa wapi, sitaha ina ngazi ngapi, askari wa Kiafrika wa mwaka 1916 alivaa kofia gani, na maji ya Tanganyika yana sura gani jua linapokuwa upande wa Kongo. Akishaijua meli, anatakiwa aichore ikitazamwa kutoka juu, kisha kutoka majini, kisha kwa mbali kama doa, na kila mara iwe ni ileile. Msomaji anaipita picha hiyo kwa sekunde chache. Anaipita upesi kwa sababu kila kitu kiko mahali pake. Bomba lingekaa pabaya, angesimama.

Kuna hesabu nyingine ambayo wasomaji wachache wanaifikiria, nayo ni ya maneno. Wanaoanza huchora nyuso kwanza, kisha hutafuta pa kuyabana mazungumzo. Fundi huyaandika maneno mapema na kuvipangia viputo vya maneno nafasi, kwa sababu jicho letu linatoka kushoto kwenda kulia, na mhusika anayesema kwanza asipokaa kushoto, jibu litasomwa kabla ya swali. Kiswahili kina ugumu wake hapa: kitenzi kimoja kinambeba mtendaji, wakati, mtendewa na kitendo, wala hakikatiki vizuri katikati. Kiputo chembamba kinachomtosha Mfaransa kinamsonga Mswahili. Vilevile tukio la kushtua huwekwa mwanzo wa ukurasa wa kushoto, ili karatasi yenyewe iwe mlango ambao msomaji anaufungua kwa kidole chake.

Kinshasa nayo ilikuwa na shule yake ya bede. Gazeti la Jeunes pour Jeunes, lililoanzishwa mwaka 1968 na Achille Ngoye na Freddy Mulongo, liliwaachia wahusika waseme kama vijana wa mitaani wanavyosema. Miaka ya 1990 Papa Mfumu’eto aliandika na kuchora vijitabu vyake kwa Kilingala, vya karatasi duni na bei ndogo, vikapita mkono kwa mkono. Wapo wanaovidharau kwa sura yao. Mimi naona humo akili kubwa ya ufundi. Anayetoa vijitabu vya bei ndogo mara nyingi hutegemea mashine mbovu ya fotokopi, nayo haijui kijivu: kivuli laini cha penseli hutoka kama doa au hupotea kabisa. Kwa hiyo anayechorea fotokopi hulazimika kufikiri kwa weusi na weupe mtupu, na kila kivuli akisuke kwa mistari iliyopishana.

Kijana anayechora Bunia anaijua fotokopi hiyo, na ana tatizo jingine ambalo hakuna studio ya Brussels iliyomwandalia jibu. Baada ya vita vilivyowagonganisha Wahema, wanaojulikana kwa ufugaji, na Walendu, wanaojulikana kwa kilimo, kuanzia mwaka 1999, hapa Ituri hakuna mchoro usio na upande. Mpe mtu ng’ombe, msomaji ameshampa kabila. Mpe jembe, vilevile. Jina ndani ya kiputo linatosha kuwagawanya wasomaji. Basi akitaka kuchora ugomvi ambao kila mtu ajione ndani yake, itabidi achague upya kila kitu: awatoe malishoni na shambani, awapeleke sokoni, awapange foleni mbele ya samaki wa ziwani kutoka Kasenyi, halafu atumie muda mrefu kuliko wote kwenye migongo ya wanaongoja. Kila mgongo uonyeshe umri, uchovu na haraka, na usimtaje mtu ni wa nani. Kwa mchoro wa namna hiyo nampa kijana huyo heshima ileile ninayompa Baruti kwa meli yake.