Pongezi kwa Wanaoikagua Rangi

Mtu wa kijiji cha Nyololo akitolewa kipande cha uvimbe tumboni, huenda kikasafiri kwa barabara kuu hadi hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kazi ninayotaka kuipongeza huanzia hapo: ya wataalamu wa maabara wanaopaka tishu kingamwili, na kisha, kabla ya kuamini walichokiona, wanaikagua rangi yenyewe.

Chukua uvimbe uitwao GIST. Kwenye darubini unaweza kufanana kabisa na uvimbe wa misuli ya utumbo. Kingamwili za CD117 na DOG1 huutambulisha kwa kuzitia seli zake rangi ya kahawia. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 1998 kasoro ya jeni ya KIT ndani yake, na dawa ya imatinib, inayoilenga kasoro hiyo, ikafuata. Tangu hapo rangi iliyofifia kwa uzembe inaweza kumnyima mgonjwa dawa inayomfaa.

Ndiyo maana fundi makini hupaka pia kipande cha kidole tumbo. Humo zimo seli za Cajal, seli za kawaida za utumbo, ambazo lazima zishike rangi ya CD117. Zisiposhika, kazi inarudiwa, hata foleni iwe ndefu vipi. Shirika la NordiQC la Denmark, tangu 2003, huzipelekea maabara slaidi zilezile na kulinganisha kazi zao. Nawaheshimu sana wanaokubali kusahihishwa hivyo. Heshima hiyo anaistahili pia muuguzi wa wilayani anayekitumbukiza kipande kwenye fomalini mara moja na kuandika saa, kwani tishu iliyocheleweshwa huharibika kabla rangi haijaifikia.