Itazame Tezi Kabla ya Kumlipa Fundi

Mito ya Rungwe kama Kiwira na Mbaka hutelemka kwa kasi hadi tambarare ya Kyela ikibeba mchanga, na karibu na Ziwa Nyasa maji huwa haba kiasi kwamba pangaboi hugonga chini. Hapo ndipo injini ya jeti ina maana: hunyonya maji na kuyatema nyuma kwa nguvu, bila pangaboi kuning'inia nje. Bill Hamilton wa New Zealand aliiendeleza boti ya jeti miaka ya 1950 kwa ajili ya mito yenye maji haba kama hii. Kwa safari za ziwani tu, Matema hadi Ikombe, baki na pangaboi. Jeti hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu ya injini.

Ukiamua kufunga jeti, kazi ya fundi ipime kwanza kwa kimo cha injini. Jeti hukaa juu kuliko pangaboi, hivyo mara nyingi ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, huongezwa kimo. Iegeshe boti nchi kavu, ulaze rula ndefu ya chuma chini ya tumbo lake, ukiielekeza nyuma. Ukingo wa mbele wa mdomo wa kunyonyea uwe sawa na rula. Ukiwa juu, jeti itameza hewa: injini inalia, boti haisogei. Ukiwa chini mno, mdomo unaburuta maji na kuyarusha juu ya tezi. Tazama na mkuku: ukifika hadi kwenye mdomo, unapeleka mapovu ndani. Fundi anayejua huukatisha mapema na kuuchonga ukonde taratibu.

Gonga ubao wa tezi kwa nyundo ndogo. Sauti kali na safi ni mbao nzima. Sauti butu au ya uwazi ni uozo, na hapo usikubali maelezo yoyote. Bolti zipenye hadi ndani, zikazwe kwa washa pana, na kila tundu lizibwe lisipitishe maji. Kipande kilichoongezwa kikishikwa kwa misumari, kataa kazi.

Mwisho, ijaribu boti ikiwa na abiria na mizigo, si tupu. Kata kona kali. Injini ikipandisha mlio ghafla huku mwendo ukifa, imemeza hewa. Mwambie fundi aishushe robo inchi, mrudi majini mjaribu tena.